Madirisha kwenye Mashine Kuukuu

Jumanne, Machi 4
Mvua imeanza leo na ugomvi umeanza leo, kwa hiyo nafungua daftari jipya.

Mganga Mkuu wa hospitali ametuita ofisini kwake, mimi na Kamusi, sisi wawili tunaotunza mafaili ya wagonjwa kwenye chumba cha kumbukumbu. Kwenye kiti cha wageni alikaa bwana mmoja wa kampuni ya kompyuta, tai imembana shingo, mashine yake mapajani inang'aa kama sahani ya bibi harusi. Tukaelezwa kwamba mfumo wetu umepitwa na wakati. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, amri za kukariri; nani wa leo ana kichwa cha kuyaweka hayo? Mwisho wa Mei mashine zetu zizimwe, ziingie za huyu bwana.

"Na mafaili ya zamani?" nikauliza. "Wagonjwa wa miaka ishirini na sita?"

Bwana Tai akatabasamu meno yote. "Hayo hayasomeki kwetu, dada. Tutaanza upya."

Upya! Mtu ametumia dawa ya kifua miezi mitano, aje dirishani aambiwe tunaanza upya. Mdomo ukatangulia akili. Nikasema mfumo wetu hauna ubaya wowote, ubaya wake ni sura tu. Nipeni mpaka mwisho wa Mei. Nitaujengea madirisha na picha, na kipanya cha kubofya, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga chumba kile atapata faili la mgonjwa ndani ya dakika mbili.

Mganga Mkuu alinitazama juu ya miwani. "Na ukishindwa?"

"Zimeni."

Tulipotoka Kamusi alinitangulia. Miaka kumi na miwili naandika programu za mashine zile na sijawahi kuchora hata duara.

Machi 5
Mvua. Mdogo wangu, muuguzi wa wodi ya watoto, tunakaa naye nyumba moja. Nilipomweleza alicheka mpaka akajikalia sakafuni. "Dada, wewe! Mlio wa simu yako mwenyewe nakuwekea mimi!" Nimemwambia acheke sasa, maana Mei atakuwa na kazi ya kupiga makofi.

Machi 7
Kamusi tumempa jina hilo kwa sababu amri zote za mfumo, mia moja na zaidi, ziko kichwani mwake. Ana miaka hamsini na minane. Daktari akitaka faili, muuguzi akitaka faili, lazima waje wasimame nyuma ya kiti chake waseme "tafadhali mzee", naye ataandika mistari miwili kama anapiga kinanda, faili hilo hapo. Kisha hugeuka taratibu, aone kama mmeona.

Leo nimemwonyesha mchoro wangu kwenye karatasi.

"Picha ni za chekechea," akasema.

"Mzee, ndizo zitakazotuokoa."

"Na hicho kipanya? Mimi nyumbani nafuga paka nisione panya, wewe unataka kunifugisha kazini."

Basi, nimemwelewa. Anaogopa kiti chake cha enzi. Nitafanya bila yeye.

Machi 13
Nimechora mstatili. Wiki nzima, mstatili mmoja! Mashine hii ina kumbukumbu ndogo kuliko saa ya mkononi ya Bwana Tai, kila nukta lazima niiombe ikae mahali pake. Lakini ni mstatili mzuri. Una kichwa, una mpaka, ukiufunga unafungika. Nimeufungua na kuufunga mara thelathini.

Machi 18
Mvua ya kumwaga kwa ndoo. Paa la kliniki ya watoto limeachia, wamefunga leo na kesho.

Mshale unasogea! Nikisukuma kipanya, unakwenda. Tatizo unaacha alama kila unapopita kama konokono, skrini yote imechafuka.

Machi 19
Nimemponya konokono.

Machi 21
Daktari wa macho kasafiri, kliniki yake haipo wiki nzima ijayo, korido kimya. Nimefanya kazi kweli. Bwana Tai alipita kupima kuta za chumba chetu, eti meza zake zitakaa wapi. Nikamsimamia mlangoni mpaka akakunja futi yake.

Machi 27
Unyevu umeingia mpaka kwenye kibodi. Zetu zina ugonjwa wa zamani: mvua ikizidi zinameza vitufe, hasa enta. Kwa hiyo Kamusi, kila amri, hupiga enta mbili, ta-ta, na amezoea hivyo mpaka kiangazi. Kila aliyefundishwa naye anafanya vilevile. Mdogo wangu hata kwenye simu anabofya mara mbili. Nimecheka peke yangu kutwa.

Aprili 3
Leo mdogo wangu amekuwa mgeni wangu wa majaribio wakati wa mapumziko ya mchana. Nimempa picha tano: jicho, mapafu, mtoto, mama mjamzito, na kijiko cha sukari. Unabofya kliniki, unaandika namba ya kadi, faili linafunguka ndani ya dirisha lake. Dakika tatu na nusu.

"Jicho lako linafanana na samaki," akasema.

"Ulijua ni jicho au hukujua?"

"Nilijua. Ila nilipata hamu ya kula."

Nimerekebisha jicho. Kamusi alikuwa kwenye kiti chake muda wote huo, ametupa mgongo, lakini sikusikia akiandika hata herufi moja.

Aprili 9
Dakika mbili na sekunde kumi. Hazitoshi. Mvua.

Jumanne, Aprili 15
Naandika haraka haraka, anayetaka kusoma ajitahidi.

Asubuhi nilimwambia Kamusi leo ni leo, lazima aingie kwenye madirisha. Nilimwambia mbele ya wauguzi watatu, kwa sauti, na sasa najua nilitaka aonekane hajui. "Mzee, hata wewe utaweza," nikasema. Maneno hayo nilimwambia mtu aliyenifundisha kazi.

Akavuta kiti. Hakugusa kipanya, alitumia mishale ya kibodi. Kazi ilikuwa ndogo, kufuta folda ya nakala zilizokwisha kuchapishwa. Kwenye orodha yangu folda hiyo iko chini ya folda ya Machi. Akabonyeza mshale wa kushuka, kibodi ikaumeza kwa unyevu, alama ikabaki kwenye Machi. Akachagua kufuta. Kisha, ta-ta. Enta mbili.

Enta ya kwanza, ambayo safari hii haikumezwa, ilileta kisanduku changu: "Una uhakika?" Nacho, kwa uvivu wangu, kilikuja na "Ndiyo" imekwisha kuchaguliwa. Enta ya pili ikasema ndiyo.

Wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Kila aliyeandikishwa Machi, dawa zake, vipimo vyake, tarehe zake za kurudi. Kisanduku kilionekana kwa muda wa kupepesa jicho, kisha orodha ikaruka kwenda Februari.

Muuguzi mmoja akasema "Yarabi." Kamusi alibaki ameweka mikono juu ya kibodi, hakuiondoa.

Nakala ya akiba haipo. Mashine ya kutoa nakala imekufa tangu mwaka jana, na ombi la kuitengeneza liko mezani kwa Mganga Mkuu, nimeliandika mwenyewe mara tatu. Lakini jambo moja nalijua: mfumo wetu haufuti kweli. Unakata herufi ya kwanza ya jina la faili, basi, mengine unayaacha palepale kwenye diski mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Nikapiga kelele kama mwendawazimu: "Mtu asiguse! Asiandikishwe mtu!"

Korido ilikuwa imejaa. Haikuchukua dakika kumi Mganga Mkuu akawa mlangoni.

"Watu wamesimama nje. Andikisheni."

"Hapana, Daktari. Tukiandika jina moja jipya tunazika la zamani."

"Nakuagiza."

"Nimesikia, na nimekataa. Tuleteeni karatasi na kalamu, tutaandika kwa mkono."

Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine nimetanua mikono, sijui nilifikiri ataipiga. Mwishowe akamtuma mtu karatasi.

Mdogo wangu amekuja jioni amenikuta nimekaa na viatu vyangu. Nimemwambia, kosa ni langu. Akasema, "Najua, dada. Kavue viatu."

Aprili 16
Herufi ya kwanza kwenye jina la faili ni ya kliniki: M ya macho, K ya kifua, W ya watoto, U ya uzazi, S ya sukari. Baada yake namba. Kila kliniki ina namba zake kuanzia moja, kwa hiyo mgonjwa wa sitini yuko macho, na mwingine wa sitini yuko kifua. Kurudisha faili ni lazima uipe mashine herufi iliyokatwa. Haikubali herufi ya kubuni, wala hairuhusu kujaribu: ukiiambia K kumbe ni M, faili linamkalia mwenzake na wote wawili wamekwenda.

Mashine ilituonyesha namba, tarehe, saa na ukubwa wa kila faili. Hayo tu, mara mia nne na kumi na mbili.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeganda mbele ya faili la kwanza. Kamusi akaingia, koti limelowa, akavuta kiti karibu na changu. Karibu, si nyuma.

"Soma," akasema.

"Namba thelathini na moja. Machi tatu, saa tatu na robo asubuhi. Dogo."

"Dogo vipi?"

Nikamtajia.

"Huyo mtoto. Watoto wana chanjo na uzito, basi. Jumatatu asubuhi tunaanza nao. W."

"Mzee, una hakika?"

"Binti, faili hilo nililiandika mimi. Mama yake alikuwa anapiga chafya. W."

Tukaendelea hivyo. Hakukisia, palipomtia shaka alisema "ruka," tukaruka. Wa sukari wana mafaili marefu kwa sababu hupimwa mara tatu. Wajawazito hawaji mchana, jua huwachosha. Sikuwa na habari kwamba ndani ya kichwa kile mna watu. Miaka yote niliamini mna amri tu.

Tulikwama kwenye Machi kumi na nane, mafaili ishirini na mawili madogo yote. "Haya watoto," akasema, lakini sauti haikukaza. Ndipo nikakumbuka, nikalichota daftari hili kutoka kwenye mkoba. Machi kumi na nane, paa la watoto limeachia, wamefunga leo na kesho.

Kamusi akashika kichwa. "Eh! Siku ile tuliwapima macho wafanyakazi wa kiwandani! Ndiyo maana madogo. M, wote M!"

Kuanzia hapo nilisoma daftari mkono mmoja na skrini mkono mwingine. Wiki ya daktari wa macho kusafiri, tukaifuta M kwenye mahesabu yetu. Mdogo wangu akaja na daftari la wodi yake tukalinganisha. Ilipofika saa kumi na moja jioni tulikuwa tumerudisha mia nne na tisa.

Watatu hatukuwapata. Tumebandika namba zao dirishani, wakija na kadi zao tutawajua kliniki zao. Hakuna kuwabahatisha.

Wakati wa kufunga nilimwomba msamaha kwa yale ya mbele ya wauguzi. Akanijibu, "Ulisema kweli lakini. Sikujua." Kisha akasema kitu ambacho sijui nifanye nacho: "Nilikuwa naogopa. Kila mtu akiweza kufungua faili mwenyewe, nani atakuja kusimama nyuma yangu?"

Aprili 18
Nimebadilisha kisanduku. Sasa kinakuja na "Hapana", na kabla ya kufuta lazima uandike idadi ya mafaili kwa mkono wako. Kamusi amejaribu kukivunja kutwa nzima, ta-ta, ta-ta, ameshindwa. Wa mwisho kati ya wale watatu alikuja leo, ni wa kifua.

Aprili 22
Mganga Mkuu ameniita peke yangu. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa, imebaki sahihi. Inasema mafaili yalipotea kwa "uzembe wa mhudumu mkongwe asiyemudu teknolojia". Nikitia sahihi, Kamusi anastaafishwa mapema, jambo limekwisha, mimi naendelea na majaribio yangu.

"Nakusaidia," akasema.

"Kisanduku nilikitengeneza mimi, Daktari. Na kibodi zinameza herufi, na mashine ya nakala ni mbovu, na maombi yangu matatu yapo chini ya hiyo glasi yako ya maji."

"Hiyo ni jeuri."

"Ndiyo."

Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Siruhusiwi kuingia chumba cha kumbukumbu. Majaribio ya Mei yako palepale, akaniambia, ila sitakuwepo. Yaani anataka nishindwe nikiwa nyumbani. Thubutu!

Aprili 26
Jumamosi. Nani kabisha hodi? Kamusi, na daftari la shule chini ya kwapa. "Nifundishe," akasema. Tumekaa mezani, nimemchorea madirisha kwenye karatasi, yeye anasukuma kifuniko cha birika kama kipanya. Mdogo wangu amejifungia jikoni acheke bila adabu kuvunjika.

Mei 3
Kaja tena. Anagomba kwamba kitufe cha kutafuta kiko mbali. Ana haki. Nimeandika marekebisho kwenye karatasi, mistari arobaini, na Jumatatu atayaingiza yeye mwenyewe.

Mei 6
Aliyaingiza bila kosa hata moja. Mimi mwenyewe ningekosea mawili.

Mei 12
Mvua zinakatika. Uchunguzi haujaanza wala hakuna dalili ya kuanza.

Mei 17
Anasema wauguzi sasa wanajifungulia mafaili wenyewe. Nikamuuliza na nyuma ya kiti chake? "Wanakuja kusalimia," akasema. "Wanakaa zaidi kuliko zamani."

Ijumaa, Mei 30
Niliambiwa nisiingie chumbani. Sikuambiwa nisikae koridoni. Saa tatu nilikuwa kwenye benchi la wagonjwa, nimevaa gauni langu zuri, na kila aliyepita nilimwamkia kwa sauti.

Mganga Mkuu aliingia, Bwana Tai nyuma yake na saa mkononi. Kumbe mtu wa kujaribiwa amechaguliwa na Bwana Tai mwenyewe: dobi wa hospitali, mama anayefua mashuka, hajawahi kugusa kompyuta tangu azaliwe. Aliponipita alikuwa anafuta mikono kwenye aproni. "Wanataka nini kwangu hawa?" akaniuliza. Nikamwambia hawawezi kumfanya kitu.

Mlango ukafungwa, ila ni mlango wa mbao nyembamba. Nikamsikia Kamusi. Hakusema habari ya amri wala mfumo. Alisema, "Mama, mgonjwa wako ana kadi hii. Anaumwa nini?" Dobi akajibu kifua. "Haya, tafuta kifua chake hapo, halafu mwambie mashine namba yake. Usiiogope, mimi imenitia aibu na bado tunaongea."

Kisha sauti ya dobi, kubwa, ya mtu aliyezoea kushinda kelele za maji: "Si huyu hapa? Ameanza dawa Januari!"

Mdogo wangu akachomoka mlangoni, kofia ya uuguzi mkononi. "Dakika moja na sekunde arobaini, dada! Na mashine ya Bwana Tai wameitafutia mgonjwa huyohuyo, haimjui!"

Nililia, naandika ukweli. Nililia mbele ya foleni yote, na bibi mmoja akanipa ukingo wa kanga yake nijifute.

Mganga Mkuu alipotoka alisimama mbele ya benchi. "Mfumo unabaki," akasema. "Na mashine ya nakala itatengenezwa. Rudi Jumatatu. Uchunguzi nimeufunga, barua imepata sahihi."

"Sahihi ya nani?"

Karatasi ilikuwa juu ya faili alilobeba, na maandishi ya Kamusi nayajua. Ametia sahihi asubuhi ile kabla ya majaribio. Uzembe wa mhudumu mkongwe. Nikainua macho, Kamusi yuko mlangoni, anakwepa kunitazama. "Mimi nimebakiza miaka miwili, binti," akasema. "Wewe una ishirini."

Sijui nilisimama saa ngapi. Niliichukua barua ile juu ya faili, nikaipasua mara mbili, kisha tena, mbele ya wagonjwa, mbele ya Bwana Tai, na vipande nikavitia kwenye mfuko wa gauni langu zuri.

"Andika nyingine, Daktari. Andika kosa ni langu, natia sahihi sasa hivi. Kama ni lazima mtu aondoke, naondoka mimi na tusigombane. Lakini huyu hatoki na jina hilo."

Dobi alikuwa bado mlangoni na mikono kiunoni, anamkazia macho Mganga Mkuu kama anahesabu mashuka yaliyopotea.

Mganga Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Jumatatu," akasema. "Wote wawili. Saa mbili kamili, usichelewe."

Nikamwambia nitakuja saa moja, maana mashine zile huchelewa kuwaka.